Mkungu Unaongoja Tiketi

Nilipompa mama shikamoo kwenye simu aliitikia marahaba kwa haraka, na hakuuliza hali yangu wala ya mtoto. Aliuliza jambo moja: "Umeshakata tiketi?"

"Bado, mama. Nasubiri ratiba ya zamu itoke."

"Ikitoka tu unipigie, hata kama ni usiku. Nataka nijue lini nishushe mikungu."

Ilikuwa mwanzoni mwa Desemba 2019. Mimi ni muuguzi Dar es Salaam, na aliyewahi kufanya kazi wodini anajua kwamba Krismasi ni siku kama nyingine: watu wanaugua, akina mama wanajifungua, dawa ya saa kumi na mbili inatolewa saa kumi na mbili. Kwa miaka minne mfululizo sikukuu ilinikuta kazini. Kila mwaka mama aliniuliza swali hilohilo, na kila mwaka nilimjibu kwa sauti ya chini. Mbege, pombe yetu ya ndizi, aliipika vilevile, wakanywa wengine.

Mbege haipikwi ikanywewa siku hiyohiyo. Mikungu inashushwa ikiwa imekomaa, ndizi zinapandishwa darini juu ya jiko zipate joto na moshi mpaka ziive, na hapo karibu wiki imekwisha. Zikishaiva zinapikwa kwa muda mrefu kwenye sufuria kubwa hadi zibadilike rangi na kuwa nyekundu, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, kisha zinachujwa. Wakati huo ulezi umeshalowekwa, umechipua, umeanikwa na kusagwa. Unga wake unapikwa uji tunaouita mso, na gome la msesewe linatiwa ili kuleta uchungu kidogo. Siku mso unapochanganywa na maji ya ndizi, kesho yake ndiyo siku ya kunywa. Ukichelewa siku mbili tatu inakuwa kali, na mama hapendi mgeni wake apokewe na mbege kali. Kwa hiyo akiuliza habari za tiketi anapiga hesabu ya kurudi nyuma: siku ya kunywa, siku ya mso, siku ya kupika, siku ya kushusha. Tiketi ikikatwa Dar es Salaam, ndipo panga linapoingia kwenye mgomba wa mama kule Marangu.

Ratiba ilibandikwa Jumatano. Niliikuta ubaoni asubuhi nikitoka zamu ya usiku, macho yamechoka, nikachukua rula mezani na kuiweka chini ya jina langu ili nisije nikasoma mstari wa mwingine. Kuanzia tarehe 20 kila kisanduku kilikuwa na herufi moja, L. Likizo. Nilisogeza rula, nikasoma tena. Mwenzangu aliyekuwa akivaa koti lake akachungulia begani kwangu, akanikumbatia kabla sijasema neno. "Dada, umepata! Nenda ukahesabiwe." Ndivyo watu wa Dar wanavyotuambia Wachagga kila Desemba, kwamba tunapanda mlimani kwenda kuhesabiwa. Yeye ndiye angeshika zamu yangu ya mkesha, na alilisema neno lile kwa furaha kana kwamba anakwenda yeye.

Mwezi huohuo treni ya abiria ilianza tena kwenda Moshi, baada ya miaka zaidi ya 20. Niliposikia habari ile nilisimama katikati ya jikoni na mwiko mkononi. Mara ya mwisho kupanda treni ya Moshi nilikuwa darasa la kwanza, nimekaa dirishani, baba yangu pembeni ananihadithia reli. Alikuwa akipenda sana kuieleza: kwamba Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893 na ikafika Moshi mwaka 1911, kwamba kwa miaka mingi mtu wa Dar hakuweza kwenda Moshi kwa treni moja kwa moja, maana Reli ya Tanga na Reli ya Kati hazikukutana mpaka kipande cha Ruvu na Mruazi kilipojengwa mwaka 1963. Baba hayupo tena. Lakini neno Mruazi limebaki kichwani mwangu kwa sauti yake.

Wengi walinishauri nipande basi. Basi liliondoka Ubungo alfajiri na jioni ulikuwa nyumbani, wakati treni ililala njiani. Nilijua. Ila mtu aliyesubiri miaka minne hana haja ya kufika upesi namna ile. Nilitaka niione njia yote, na nilitaka binti yangu wa miaka 8 ajue kwamba kati ya Dar na mlima kuna nchi kubwa yenye watu wake.

Jumamosi tarehe 7 nikaenda stesheni. Mstari haukuwa mfupi, na waliokuwa mbele yangu walikuwa wakizungumza kwa sauti ya juu, wengi wao wazee wenye kukumbuka treni ya zamani. Nilipofika dirishani mkata tiketi akauliza, "Wapi?"

"Moshi."

Sikutegemea kwamba neno lile lingenikaba. Miaka yote hiyo dirisha lile halikuuza safari ya Moshi, na mimi miaka minne kati ya hiyo sikwenda nyumbani Krismasi. Nikalirudia ili alisikie vizuri. Vitanda viwili, daraja la pili la kulala, Ijumaa tarehe 20. Nilitoka nje, nikasimama kwenye kivuli cha ukuta, nikampigia mama. Nilimsomea tarehe kutoka kwenye tiketi yenyewe. Akanyamaza kidogo, nikamsikia akihesabu kwa Kichagga. Halafu, bila hata kukata simu, akamwita kijana anayemsaidia: "Leta panga!"

Kuanzia saa ile tukawa tunajiandaa sote wawili, yeye huko na mimi huku. Kila jioni alinipa taarifa. Mikungu imeshuka. Ndizi zimepanda darini. Ulezi umelowekwa. Kaburi la baba limepigwa chokaa na majani yameng'olewa. Na mimi nilimpa za kwangu. Vitu vyake alivyoagiza vilikuwa vichache: mchele, nazi 12, betri za redio, mafuta ya kuchua magoti. Mchele niliufuata Tandale, nikanunua kilo 20 baada ya kutafuna punje mbichi kwenye meza tatu, kwa sababu kwetu wali wa Krismasi ukiwa bokoboko unazungumzwa hadi Pasaka. Kariakoo nilikwenda kwa ajili ya khanga tu, na Desemba pale mtu hatembei, anasukumwa. Mama anasoma maandishi ya khanga kabla hajatazama rangi, na maneno yasiyompendeza huishia shambani. Nilifunua doti nyingi sana, muuzaji akavumilia, mpaka nikapata moja yenye maneno ya shukrani.

Nazi ndizo zilizonifunza. Mlimani hakuna mnazi, na nazi ikifika kule ni zawadi ya heshima, lakini mimi mtu wa mgombani najua nini kuhusu nazi? Mama mwenye nyumba wetu ni mtu wa Bagamoyo. Aliponiona narudi na nazi zilizofuliwa zikang'aa kama mipira alizichukua moja moja, akaziweka sikioni na kuzitikisa, huku amefumba macho. Nne akazitenga. "Hizi hazilii. Maji yamekwisha. Na hizi nyingine wamezivua nguo zote, zitafikaje?" Kesho yake asubuhi aliniita uani. Alikuwa ameagiza nazi nyingine na amekaa mbele ya kifuo, anazifua mwenyewe, lakini kila nazi aliiachia kishungi cha makumbi upande wa juu.

"Hapa ndipo yalipo macho yake," alisema, akanishikisha kidole kwenye kile kishungi. "Nazi inaharibikia machoni. Ukimfunika macho, anasafiri amelala."

Nilizipanga kwenye kiroba, vishungi vikiangalia juu, nikajaza khanga na masweta katikati ili zisigongane. Masweta yale niliyatoa chini kabisa ya kabati, yananuka dawa ya nondo. Desemba si mwezi wa baridi kali Marangu, lakini anayetoka kwenye joto la Dar akikaa nje usiku kule bila sweta ataikumbuka bahari. Nilipolitikisa la kwangu, mfukoni likadondosha leso ya karatasi na pipi moja iliyoyeyukia kwenye ganda lake, ya Krismasi ile ya mwisho. Binti yangu aliitazama pipi ile akauliza kama yeye alikuwapo. Nikamwambia ndiyo, alikuwa na miaka mitatu, na pipi hiyo alipewa na Bibi mwenyewe akiwa mgongoni.

Yeye alikuwa na maandalizi yake. Alipanga begi lake na kulipangua kila siku, akachora treni yenye mabehewa mengi kuliko karatasi, ikabidi aongeze karatasi nyingine kwa gundi. Jumapili tulikwenda ufukweni akaokota makome ya kuwapelekea binamu zake. Kisha akajaza chupa ya maji ya bahari. Nilimuuliza ya nini. "Hawaamini kwamba ni ya chumvi," alisema. "Nawapelekea waonje." Chupa ile aliiviringisha kwenye kitenge, akailaza katikati ya begi, na kila asubuhi kabla ya kwenda kucheza aliikagua kama imevuja.

Mambo mengine madogo yanakaa kwa mtu bila yeye kujua aliyapata wapi. Siku mbili kabla ya safari nalipa madeni yote, hata ya vocha na mkaa. Nazungukia majirani nyumba hadi nyumba kuaga, maana kwetu anayeondoka bila kuaga ni kama ametoroka. Ufunguo wa akiba namwachia mama mwenye nyumba, naye ananikumbusha nifagie kabla sijatoka, kwa kuwa yeye hakubali mtu afagie nyuma ya msafiri. Na kiroba nakishona mwenyewe. Hapo sikubali msaada. Alhamisi mchana nilikaa chini kwenye mkeka na shazia na uzi wa katani, nikakunja mdomo wa kiroba mara mbili, nikapitisha sindano kwa hatua ndefu, nikivuta kila mshono mpaka uzi unaimba. Baba alikuwa akishona hivyo. Aliniambia mshono wa safari hauhitaji kupendeza, unahitaji kukaa. Nikamaliza kwa mafundo matatu, nikaandika jina langu kwa wino mzito, na chini yake kwa herufi kubwa: MOSHI.

Usiku huo nilikuwa na zamu ya mwisho. Wodini kulikuwa na bibi mmoja, mtu wa Korogwe, aliyekuwa halali vizuri, na tulizoea kuzungumza nikipita kupima presha. Alijua naondoka. Wagonjwa wanajua kila kitu.

"Hiyo treni yenu inapita kwetu?"

"Inapita, bibi. Usiku."

Akafikiri. "Basi nisalimie Korogwe."

Nikamuuliza nimsalimie nani, nimtafute wapi. Akatikisa kichwa. "Hapana mtu. Ukifika pale ufungue dirisha tu."

Asubuhi nilikabidhi wodi, mgonjwa mmoja baada ya mwingine, kitanda kwa kitanda, na nilipofika kwake alikuwa amelala hatimaye. Sikumwamsha. Nilirudi nyumbani, nikalala kwa saa mbili, nikaamka nikapika. Chapati kumi na mbili, mayai ya kuchemsha, kuku wa kukaanga, chupa ya chai. Harufu ya chapati za safari ni tofauti na ya chapati za Jumapili, au pengine pua ndiyo inayokuwa tofauti. Mama mwenye nyumba alituletea kashata zilizofungwa kwenye karatasi. "Hizi za mama yako, si zenu." Nikafagia. Nikafunga mlango, nikausukuma mara mbili kuhakikisha.

Tulifika stesheni mapema kupita kiasi, kama baba alivyokuwa akitufikisha. Sasa naelewa kwa nini. Alipenda kukaa pale akiwa tayari, mizigo imehesabiwa, hakuna la kufanya isipokuwa kungoja kitu kizuri. Benchi letu lilijaa watu na viroba vyenye majina ya vijiji: Uru, Kibosho, Mwika, Mamba. Mzee mmoja aliyevaa koti la suti kwenye joto lile alimwonyesha binti yangu tiketi yake, naye akamwonyesha yake, wakazilinganisha.

Treni ilipovutwa, kwanza ilirudi nyuma kidogo, mabehewa yakagongana, halafu ikaanza kwenda mbele polepole sana. Ndani ya behewa watu walipiga vigelegele. Mwanamke wa kitanda cha juu alikuwa analia na kucheka. Binti yangu aliniangalia kuuliza kama ni sawa kupiga kelele, nikamwambia ni sawa.

Mama alipiga simu kabla hatujafika Ruvu. "Nimechanganya mso sasa hivi," alisema. Ni hayo tu, akakata, mikono yake ina kazi.

Tulikula chapati nne na kuku wote jua likiwa bado juu, na hilo nalo ni desturi, maana chakula cha safari hakijawahi kungoja saa yake. Giza lilipoingia nilitandika shuka, nikamlaza mtoto na chupa yake ya bahari kichwani, nikabaki macho. Kwenye kipande kile cha baba, kati ya Ruvu na Mruazi, hakukuwa na la kuona ila giza na moto wa mbali wa mtu anayepika. Sikuhitaji zaidi.

Korogwe tulifika usiku. Nilifungua dirisha lote. Hewa ilikuwa na unyevu na harufu ya majani, na huko nje ya taa nilijua mkonge umesimama mistari kwa mistari, ule unaotoa uzi kama niliotumia kushonea kiroba changu. Nilitoa kichwa nje. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba bibi anasalimia. Kijana mwenye sinia la machungwa akadhani namwita, akakimbia hadi dirishani, nikanunua sita. Chungwa moja nililiweka kando nimpelekee bibi nikirudi, ingawa nilijua halitadumu. Nikaliweka tu.

Alfajiri milima ya Upare ilikuwa mkono wa kulia, mizito na ya buluu. Baada ya Same watu wakaanza kuhamia madirishani. Hakuna aliyesema tunatafuta nini. Tulipokaribia Kahe mzee wa koti la suti akavua kofia, na hapo nikaona: kilele cha Kibo kiko wazi, mita 5,895, theluji imeshika rangi ya jua. Nilimwamsha binti yangu. Alitazama muda mrefu kwa mtoto wa umri wake. "Bibi anakaa wapi hapo?" Nikamwonyesha chini ya mawingu, mahali penye kijani kilichokolea.

Binamu yangu alitupokea Moshi na pikapu. Himo, kisha kupanda, masikio yakaziba, Marangu Mtoni, maji ya mfongo, mfereji wetu, yakikimbia kando ya barabara, na migomba ikatufunika pande zote. Mama alikuwa amesimama kwenye njia ya kihamba, shamba letu la nyumbani, amevaa nguo ya kanisani. Alimshika mjukuu wake uso kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku. Mimi aliniinamisha akaniwekea mkono kichwani. Hakusema mengi. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiroba, akakata uzi wangu wa katani, akatoa nazi moja, akakiona kile kishungi, akaitikisa sikioni.

"Nani kakufundisha?"

Nyuma ya nyumba binamu wanne walikuwa wamezunguka chupa ya bahari, mmoja ametema na wengine wanadai zamu yao. Mama alifunua pipa, akachota kwa kata, akaonja yeye kwanza kama ilivyo desturi, kisha akanipa. Ilikuwa tamu bado, na uchungu wa msesewe ukaja mwishoni, polepole. Nikanywa nusu nikiwa nimesimama. Alingoja nimeze.

"Siku ya kurudi ni lini?"

"Mama, ndiyo kwanza nimefika."

"Najua umefika." Alinyoosha mkono kuelekea mfongoni, ambako mkungu mmoja mkubwa ulikuwa umefungwa kitambaa chekundu asije mtu akaukata. "Ule ni wa kwako wa kwenda nao Dar. Nataka kujua siku ya kuushusha."